Chakula Chema ni Wajibu wa Nani?

Katika masomo tunayoyafundisha sisi walimu wa lugha, hakuna mada inayoonekana nyepesi kuliko ile ya chakula. Mwanafunzi hupewa kifungu cha ufahamu kinachoeleza kuwa kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kuulinda. Kisha huulizwa maswali, na swali la mwisho, aghalabu, huwa hili: "Mama afanye nini ili watoto wake wawe na afya njema?" Mwanafunzi hodari hujibu kwamba mama apike vyakula vya aina mbalimbali, vya msimu, vibichi na safi. Tunampa alama zake, tunafunga daftari, tunaendelea na ngeli za majina.

Hatusemi kuwa jibu hilo ni la uongo. Tunalouliza hapa ni kama swali lenyewe ni la haki. Kwa kumtaja mama peke yake, swali limekwisha kuamua nani mwenye deni kabla ya hoja yoyote kutolewa. Basi na tulirudie kwa namna nyingine: chakula chema cha nyumbani ni wajibu wa nani?

Ili tusizungumze hewani, tutazame mahali pamoja, napo ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Pwani hiyo huanzia mlango wa mto Ruvuma, ikapita Palma na Mocímboa da Praia, ikashuka hadi kisiwa cha Ibo na visiwa vingine vya Quirimbas. Huko husemwa Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, pamoja na Kimakonde na Kimakua. Na Kiswahili chenyewe si kigeni masokoni wala vyomboni. Msomaji wa Mtwara au Lindi akiingia katika jiko la huko hatahitaji mkalimani. Atayakuta mafiga matatu, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, ungo na mwiko.

Jiko hilo lina kalenda yake. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, wakati wa kaskazi. Ndipo majani ya kunde na ya maboga yanapochipua, na kisamvu kinapokuwa laini. Korosho huokotwa kabla mvua hazijashika, na maembe huiva katika miezi iyo hiyo ya mwisho wa mwaka. Januari na Februari ni miezi migumu, kwa kuwa akiba ya zamani imekwisha na mazao mapya hayajakomaa. Mvua zikikoma huvunwa mpunga na mahindi. Kisha kusi huvuma, hali ya hewa hukauka, na muhogo hung'olewa, humenywa na kuanikwa juani. Bahari nayo ina kalenda ya pili, ya mwezi na maji. Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, wanawake na watoto huteremka mwambani kutafuta chaza, kombe na pweza. Maji yakiwa mafu, hutumiwa samaki waliokaushwa au kutiwa chumvi.

Neno msimu lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya wakati maalumu wa jambo, na mabaharia wakalifunga kwenye pepo za kusi na kaskazi. Kwa hiyo mpishi wa pwani anaposema "hiki ndicho cha msimu" hazungumzii tu ubichi wa mboga. Anazungumzia upepo, maji, jua na siku zinazohitajika mpaka kitu kiwe tayari kuliwa.

Vyakula vya jiko hili pia vimepangwa kwa busara. Kisamvu hutwangwa kinuni, kikapikwa kwa tui la nazi na karanga, kikawa kile ambacho Msumbiji nzima hukiita matapa. Majani hayo yana virutubisho ambavyo mwili huvipokea vizuri zaidi vikiwa pamoja na mafuta. Na tui ni mafuta. Muhogo hutia nguvu lakini hauna protini ya kutosha. Samaki na kunde huziba pengo hilo. Walioupanga mlo huu hawakuwa na maabara. Walikuwa na vizazi vingi vya kupika, kuonja na kulea.

Sasa tulisikilize jibu la kwanza, lile la daftari: wajibu ni wa mama. Jibu hili lina nguvu yake, wala tusilidharau. Elimu ya jiko iko mikononi mwake. Yeye ndiye anayejua muhogo upi ni mtamu na upi ni mchungu, na kisamvu kichemke kiasi gani. Mwenye ujuzi ana wajibu wa kuutumia. Lakini je, ujuzi unatosha kumfanya mtu awe mdaiwa?

Tupime kwa tukio la kweli. Mwaka 1981, katika wilaya ya Memba, mkoani Nampula, ambao unapakana na Cabo Delgado upande wa kusini, ulizuka ugonjwa uliowalemaza watu miguu kwa ghafla, na ulemavu huo haukupona. Wenyeji waliuita mantakassa. Wagonjwa 1,102 waliorodheshwa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, na matokeo ya uchunguzi yalichapishwa mwaka 1984. Chanzo kilikuwa sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu. Wakulima huupenda muhogo huo kwa kuwa huvumilia ukame na kuwashinda wanyama waharibifu. Na sumu yake hupungua ukimenywa na kuanikwa juani kwa majuma kadhaa. Mwaka ule ukame ulikuwa umekausha mazao mengine yote. Watu wenye njaa hawakuweza kungoja majuma hayo, wakaula muhogo kabla haujakauka vya kutosha. Zaidi ya hayo, samaki na kunde, ambavyo protini zake huusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo, havikuwamo chunguni. Miaka ya 1992 na 1993, kufuatia vita vya muda mrefu, ugonjwa huo ulizuka tena mkoani humo humo.

Msomaji na azingatie jambo moja. Akina mama wa Memba hawakuwa wajinga wa muhogo. Walijua kuukausha kuliko mwalimu yeyote ambaye angetumwa kwenda kuwafundisha. Walichokosa kilikuwa muda. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka; lakini ni rahisi kumwambia neno hilo aliyeshiba, seuze mama ambaye mtoto wake analia tangu alfajiri. Kumlaumu mama huyo kwamba hakupika chakula salama ni kumdai asichokuwa nacho. Wajibu hufuata uwezo. Pale uwezo unapokatika, wajibu humrudia aliyekuwa na uwezo wa kuzuia mkatiko huo.

Turudi sasa kaskazini. Mnamo tarehe 5 Oktoba 1917 la, si mwaka huo wa vita vya wakoloni, bali miaka 100 baadaye, mwaka 2017, watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vikaenea. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo hiyo na kuharibu mazao yaliyokaribia kuvunwa. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma. Kufikia mwisho wa mwaka huo watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameyahama makazi yao. Wengi wao walikuwa wakulima na wavuvi, wakawa wanakula chakula cha mgao: nafaka, kunde kavu na mafuta ya kupikia.

Hatutaki kuudharau mchele wa msaada. Umeokoa roho za watu, na anayeubeza hajawahi kulala na njaa. Lakini tuseme pia kile ambacho gunia haliwezi kubeba. Haliwezi kubeba kisamvu kibichi, wala chaza wa bamvua, wala uamuzi wa mpishi kwamba leo tutakula hiki na kile tutakianika kwa ajili ya kusi. Mama yule yule aliyekuwa akiipanga miezi kumi na miwili kichwani mwake sasa husubiri siku ya kuitwa jina lake katika orodha. Elimu yake haijapotea, ila haina pa kukanyaga.

Wala si silaha pekee zinazomtenga mtu na msimu wake. Katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, wanavijiji walihamishiwa Quitunda ili kuupisha mradi wa gesi. Walijengewa nyumba mpya. Lakini kwa familia zilizozoea kuteremka pwani kwa miguu maji yanapotoka, umbali wa kutoka nyumbani hadi mwambani ni sehemu ya chakula, kama ilivyo chumvi. Maji hayamngojei mtu. Anayefika yakiwa yamekwisha kujaa hurudi na kikapu kitupu, hata kama ukuta wa nyumba yake ni wa saruji. Kwa hiyo anayepima fidia kwa matofali na asipime njia ya kwenda pwani amesahau kulipa sehemu ya deni.

Hapa mwalimu mwenzetu anaweza kutupinga. Atasema: "Mnawasamehe watu wa nyumbani kila kitu. Mkiyahamisha makosa yote kwa ukame, vita na wakubwa, nani atajifunza kupika vizuri?" Pingamizi hili ni la maana, na lina ushahidi. Uchunguzi wa afya uliofanyika Msumbiji mwaka 2011, miaka sita kabla ya vita hivi, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Cabo Delgado walikuwa wamedumaa. Mkoa ulikuwa na amani, ulikuwa na bahari yenye samaki na mashamba yenye muhogo, mahindi na korosho. Ni kweli kwamba maradhi, maji machafu na umaskini vina sehemu kubwa katika kudumaa. Hata hivyo hatuwezi kusema kuwa nyumba haina la kujibu.

Nasi tunakubali kuwa inalo. Lakini tuangalie nyumba nzima, tusimtazame mama tu. Samaki wakivuliwa wakauzwa wote, na watoto wakala ugali wa muhogo mtupu, aliyeamua ni nani? Fedha za korosho zikiingia, ni nani azishikaye, naye hununua nini kwanza? Sinia likiletwa, nyama ya samaki huishia upande gani, na mchuzi upande gani? Na iwapo ipo miiko inayomnyima mjamzito au mtoto yai, ni wazee gani wanaoilinda? Methali yetu yasema mwenye njaa hana miiko. Lakini mara nyingi mwiko huwekwa na aliyeshiba, akatwishwa asiye na sauti. Katika mambo haya hakuna ukame wala vita. Kuna watu wazima waliokaa kwenye mkeka mmoja, nao wana uwezo wa kubadili mgawo kabla ya jua kuchwa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Chakula chema hutengenezwa na mambo matatu, na kila moja lina mdaiwa wake. La kwanza ni njia ya kukifikia: shamba, pwani, mbegu na amani ya kwenda na kurudi. Wadaiwa hapa ni watawala, wenye silaha, na wote wanaochukua ardhi kwa mradi wowote. La pili ni muda: siku za kuanika, kuloweka, kutwanga na kuhifadhi. Wadaiwa ni jamii nzima, kwa kuweka akiba ya miezi migumu na kwa kumpunguzia mpishi mizigo mingine, maana anayetembea saa nyingi kufuata maji hana saa za kukitwanga kisamvu. La tatu ni mgawo: nani anakula nini katika sinia moja. Wadaiwa ni watu wa nyumbani wote, na aliye na sauti kubwa anadaiwa zaidi. Ujuzi wa mama huingia katika yote matatu, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya hata moja.

Tumezoea kusema "chakula bora", nalo ni neno zuri. Hata hivyo katika makala haya tumechagua kusema "chakula chema", kwa kuwa wema hauko katika kitu peke yake. Uko pia katika jinsi watu walivyotendeana mpaka kitu hicho kikafika mdomoni.

Ndugu walimu, hatuwezi kuzuia kimbunga wala kusimamisha vita kwa chaki. Lakini maswali ya ufahamu tunayatunga wenyewe. Badala ya kuuliza mama afanye nini, tumwekee mwanafunzi sahani ya matapa, samaki na ugali wa muhogo, kisha tumwombe ataje kila mtu aliyehusika hadi sahani hiyo ikajaa, na kila mtu ambaye angeweza kuifanya iwe tupu. Halafu tumwulize kila mmoja wao anadaiwa nini. Mtoto wa kiume atakayejibu swali hilo kwa uangalifu huenda akajikuta, kwa mara ya kwanza, ameandika jina lake mwenyewe katika orodha.