Goli la Mkono



Wale mlikuwa ibadani Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita mtakumbuka nilisimama wakati wa ushuhuda nikasema tumewashinda majirani zetu goli moja kwa bila, na kwamba mkono wa Bwana ulikuwa nasi uwanjani. Mlipiga makofi. Pambio likaanzishwa. Leo nataka kuandika juu ya huo mkono.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kirafiki, kanisa kwa kanisa, mbuzi mmoja akiwa zawadi. Mvua yetu ya mchana ilikuwa imeshafanya kazi yake, kwa hivyo uwanja ulikuwa tope tupu. Shemasi mmoja alienda kupiga kona, akateleza. Mpira ukabaki palepale, yeye ndiye akaenda. Mara mbili tulisimamisha mchezo tukitafuta mpira kwa miwa. Kiatu changu cha kushoto kilifungua mdomo kabla ya mapumziko nikakifunga na kamba ya gunia. Nina miaka 36, na tangu nimalize digrii yangu ya biashara kitu ninachokimbiza sana ni risiti, kwa hivyo msishangae kusikia kwamba hadi dakika za mwisho nilikuwa sijagusa mpira mara kumi.

Basi krosi ikaja. Nikaruka na macho yamefungwa. Mpira haukugonga kichwa. Uligonga mkono, chini kidogo ya kiwiko, ukaingia. Refa akapuliza kipenga na kuonyesha katikati. Vijana wakanirukia. Nilikuwa na sekunde chache za kusema neno, nazo nilizitumia kupangusa matope.

Jioni ya ile Jumapili ya ushuhuda, nikifunga milango ya kanisa, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili, kati ya wale wanaookota mipira nyuma ya goli, akaniuliza, "Pasta, ule mkono ulikuwa wa Bwana ama ni wako?" Hakuwa anacheka. Alitaka kujua.

Nilimwambia, "Ah, ni mchezo tu." Akaenda zake. Mimi nikabaki na ufunguo mkononi.

Ni mchezo tu. Tunalisema sana hilo neno, na lina ukweli. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya lile goli. Lakini nimelifikiria kwa wiki kadhaa na naona kuna kitu limekosea. Mtu akiiba unga, ugali bado utaiva, na watoto wake watashiba, hata kama ni dhambi. Pesa ya wizi dukani inanunua sukari sawa na pesa ya jasho. Lakini goli la wizi linanunua nini? Mchezo umejengwa kwa sheria peke yake. Ukiondoa sheria, kinachobaki ni watu wazima 22 wakikimbia kwenye matope. Na sheria iko wazi: tangu mwaka wa 2019 goli likitoka moja kwa moja kwa mkono wa mfungaji halihesabiwi, hata kama ni bahati mbaya. Kwa hivyo mimi sikuiba ushindi. Ushindi haukuwepo. Nilishika hewa, nikaileta madhabahuni kama sadaka.

Hapo ndipo paliniuma zaidi, maana si mimi wa kwanza. Tarehe 22 Juni 1986, kule Mexico City, Diego Maradona aliifunga Uingereza kwa ngumi katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Refa, Ali Bin Nasser wa Tunisia, hakuona, na Argentina ikashinda 2-1. Baadaye Maradona akatania kwamba mkono wa Mungu ulisaidia. Dunia ilicheka, nami nimecheka miaka mingi. Lakini yeye alikuwa anatania na waandishi wa habari. Mimi nilisema vilevile nikiwa na Biblia mkononi, na nilikuwa sitanii.

Kuna kisa kingine ambacho kinamhusu Mkenya. Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Burlada, Uhispania, Abel Mutai alikuwa anaongoza. Huyu ndiye aliyetuletea shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya London mwaka uohuo. Mita chache kabla ya mwisho akapunguza mwendo akidhani ameshamaliza. Nyuma yake alikuwa Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angempita kwa urahisi. Badala yake alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa ishara aendelee, na Mutai akashinda. Kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa zamani wa dunia wa marathoni, alikisifu kitendo hicho lakini akakiri kwamba yeye mwenyewe angempita.

Nampenda huyo kocha kwa kukiri. Wengi wetu ni Fiz. Kumpita mtu aliyesimama kwa kukosea si kuvunja sheria yoyote. Wangu mimi ulikuwa mtihani mwepesi kuliko wa Anaya, na bado nilianguka.

Nilimpigia simu kapteni wa timu ile nyingine. Ni mwendesha boda, tunaonana steji karibu kila siku. Nikamwambia goli lilikuwa la mkono. Akacheka. "Pasta, si tuliona! Hata refa aliona, alituambia baadaye. Lakini sasa mtumishi wa Mungu utamwaibishaje mbele ya kondoo wake?"

Wapendwa, sikulala vizuri usiku ule. Kumbe watu wazima kumi na zaidi waliona, na wakanyamaza kwa sababu mimi ni pasta. Kila Jumapili alasiri nakaa ofisini nikihesabu sadaka yenu. Mwalimu aliyetufundisha ukaguzi wa hesabu chuoni alikuwa akituambia tuanze na kikasha cha pesa ndogondogo, maana pale mtu anadhani hakuna anayetazama. Someni Luka 16:10 wenyewe. Kama waliniona nikigusa mpira wakanyamaza kwa heshima, siku wakiniona nikigusa bahasha je?

Sijagusa bahasha. Lakini nimemwomba mchungaji wetu mkuu kwamba kuanzia wiki hii waumini wawili wasio na cheo chochote wakae nasi tukihesabu, wabadilishwe kila mwezi, na namba ya M-Pesa ya kanisa isomwe mbele yao. Amekubali. Mkiitwa, msione haya kuuliza.

Mtoto nilimtafuta. Nilimwambia mkono ulikuwa wangu. Akasema, "Nilijua," kisha akaniomba ule mpira wa zamani ulio stoo. Nimempa.

Sasa imebaki mbuzi, ambaye tulimla na mifupa tukaivunja. Nimenunua mwingine kwa pesa yangu, kapteni amekataa kumchukua hivihivi, anataka mechi. Ni Jumamosi saa tisa, uwanja uleule, refa yuleyule. Kiatu nimeshapeleka kwa fundi.