Alhamisi ya Kupaa, Tazameni Chini

Somo: Matendo ya Mitume 1:6–12

Alhamisi ni Sikukuu ya Kupaa, na vijana wa kwaya wameshaleta ombi lao la kila mwaka: Mchungaji, safari hii twende tukapande. Wakisema kupanda wana maana ya kwenda Rungwe, kwenye maporomoko ya Kaporogwe, au Daraja la Mungu na Kijungu, na likipatikana gari lenye pumzi, Ziwa Ngosi. Nimeshakubali, na baadhi ya wazee wamenuna. Wanasema hayo ni matembezi, siyo ibada, na nauli hiyo ingetosha kuezeka jiko la kanisa.

Hoja ya jiko naiheshimu. Lakini mtoto wa Kyela anakulia tambarare, mahali ambapo kirefu kuliko vyote ni mchikichi na mnara wa simu. Milima ya Livingstone anaiona kila siku upande wa Matema, ila anaiona kwa chini. Nchi yake mwenyewe hajawahi kuiona kwa juu hata siku moja. Tukuyu iko kwenye mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Hiace inayoshuka kutoka kule kuja kwetu inateremka zaidi ya kilomita moja kwenda chini, na abiria wanasinzia.

Ukienda Kaporogwe, unaisikia kabla ya kuiona. Njia inapita migombani, inaanza kuinama, mara unaona majani yanatikisika na upepo haupo. Hapo Mto Kala unaishiwa na ardhi na kujitupa karibu mita 40. Nyuma ya maji kuna pango ambalo watu wanaweza kusimama ndani yake. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walijificha humo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ukiingia, shati linalowa bila mvua, na mazungumzo yanakatika, hata ya yule wa sauti ya kwanza ambaye ndani ya gari hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mwandishi wa Zaburi ya 42 aliwahi kusikia maporomoko ya namna hii akiwa na majonzi, akaona kama vilindi vinaitana juu ya kichwa chake. Zaburi hiyo wengi wetu tunaipenda kwa sababu ya yule ayala mwenye kiu. Simama Kaporogwe mwezi wa Mei, ndipo utajua kwamba mtu yule alikuwa anaogopa.

Wageni hudhani kila nchi ya mapango na makorongo ni nchi ya mawe ya chokaa, kama Amboni kule Tanga, ambako maji yameula mwamba polepole. Chokaa mkoani kwetu ipo, ile ya chemchemi za moto za Songwe inayolisha kiwanda cha saruji cha Mbeya. Rungwe yenyewe ni kazi ya moto. Daraja la Mungu ni lava iliyopoa, na Mto Kiwira unapita chini yake. Pale Kijungu, ndani ya eneo la Chuo cha Magereza, mto huo huo unaingia kwenye shimo la mwamba na kupotea machoni, kisha unatokea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa, maji hayo yakishatoka pale yanakwenda wapi? Hili ndilo swali ninalotaka vijana wapande nalo, na sijasikia likiulizwa. Watu wanapiga picha mgongo ukiwa kwenye maji, wanakula chapati zao, wanarudi. Maji yale yanatangulia kufika Kyela kuliko wao.

Yanafika kama Kiwira, kama Mbaka, kama Lufilyo. Yanashusha udongo wa volkano ambao umeutengeneza mchele wetu, mchele unaosifiwa hadi Dar es Salaam na watu wasioijua Kyela iko upande gani. Na mwaka ambao mvua za masika zimezidi, maji hayo hayo yanaingia majarubani kabla mpunga haujakomaa, yanaingia vyooni, yanaingia visimani, na baada ya hapo tunaanza kuogopa kipindupindu. Mama anainua godoro kulitundika kwenye kenchi, kuku wanapandishwa juu ya meza, na mtumbwi unapita mahali ambapo juzi ilipita bodaboda. Kule mpakani, Mto Songwe una tabia ya kuhama. Mtu anaweza kuamka akakuta shamba lake limebaki ng'ambo, upande wa Malawi. Tanzania na Malawi zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja kwa ajili ya mto huo, na makao yake yako hapa hapa Kyela.

Someni sasa habari ya Kupaa. Wanafunzi wako mlimani, Bwana ameinuliwa, wingu limempokea, nao wamekaza macho juu. Wanaume wawili wenye mavazi meupe wanawauliza kwa nini wamesimama wakiangalia mbinguni. Swali lile lina ukali kidogo. Nadhani mimi ningekuwa mmoja wao ningejitetea: jamani, ni nani asiyetazama? Lakini Luka hasemi kwamba walijibu. Anasema walirudi Yerusalemu, mwendo wa sabato, yaani siyo mbali. Na ukifuata kitabu hicho hadi sura ya sita, watu wale wale wanahangaika na chakula cha wajane, nani amepata na nani amerukwa. Kutoka kwenye wingu la utukufu hadi kwenye ugomvi wa posho ni kurasa chache tu.

Musa naye alipandishwa Nebo akaonyeshwa nchi yote, hadi bahari ya magharibi, akiwa anajua kwamba hataingia. Alionyeshwa makazi ya watu wengine. Mimi nasoma hivyo. Mungu akimpandisha mtu juu, mara nyingi humwonyesha mahali wanapokaa wenzake. Na yule mwingine aliyempandisha Yesu kwenye mlima mrefu akamwonyesha milki zote, alizionyesha kama mali ya kuchukua. Mlima ni mlima, na macho ni macho. Tofauti iko kwa anayekuonyesha na unachokusudia kufanya na ulichokiona.

Wazee wetu kabla ya Injili walilijua jambo hili kuliko tunavyokiri kwenye mimbari. Karibu na Ikombe, kule Wakisi wanakofinyanga vyungu na Milima ya Livingstone inakotumbukia ziwani, kuna pango la Pali-Kyala. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika habari za matambiko ya mahali hapo. Sitetei matambiko, mnanijua. Ninachotaka mkione ni kwamba waliofanya safari ile hawakwenda kwa ajili ya nyumba zao peke yake. Walibeba shida ya nchi nzima, mvua ya wote, mavuno ya wote, magonjwa ya wote. Sisi tuliobatizwa tunapanda na simu, na katika picha zote arobaini za siku hiyo hakuna hata moja inayoonyesha bonde.

Hapa huku chini kuna mazoea ya kuwalaumu wa juu. Wanakata miti, wanalima hadi ukingoni, wanatutumia tope. Ni kweli kwa kiasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukipita juu kule utaona viazi na mahindi yanayoinamia maji. Lakini teremkeni Mbaka mtazame. Kakao yetu iko wapi? Majaruba yetu yameanzia wapi? Ni nani aliyekata magugu na miti ya ukingoni ili apate mistari miwili zaidi ya mpunga? Sisi tuko juu ya watu pia. Wavuvi wa Matema na Itungi wanapokea tope letu kama tunavyopokea la Rungwe, na wao hawana wa kumpelekea.

Kwa hiyo safari ipo, na jiko litasubiri mavuno. Ila nimewaomba viongozi wa kwaya mambo kadhaa. Mkifika, mtafuteni kijana wa kijiji awaongoze na mumlipe bila kubishana sana. Yeye ndiye anayejua jiwe lipi linateleza. Baada ya nyimbo, simameni mahali pa wazi mtazame upande wa kusini, na kila mtu atafute kwa macho kata yake. Ombeni kwa majina: Kajunjumele, Ipinda, Ngonga, Katumba Songwe. Ombeni pia kwa ajili ya sharika za huko juu, kisha muwaulize wenyeji wenu kwa upole habari za mashamba ya ukingoni, nanyi muwe tayari kuulizwa habari za mashamba yenu.

Jumamosi inayofuata nawaalika wote, wakiwemo wazee walionuna, tukutane Mbaka na majembe. Tutapanda matete na mianzi ukingoni kwenye mashamba ya washarika wetu waliokubali kurudi nyuma mita zao 60. Waliokubali ni wachache, na mimi bado nabisha hodi kwa wengine.

Gari la Kaporogwe litaondoka kanisani saa 12 asubuhi, siyo saa 2. Watoto wadogo wabaki nyumbani, njia ina utelezi. Chupa na mifuko mtakayopanda nayo, shukeni nayo.