Mhitimu, Umemwalika Nani?

Ndugu zangu mliosoma mkahitimu!

Fungueni Luka sura ya 14. Yesu yuko mezani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Chakula kimeandaliwa, watu wanagombea viti vya mbele. Ndipo anamgeukia mwenye nyumba na kumweleza, wageni wote wakisikia, kwamba amekosea kualika. Amewajaza ndugu, marafiki na majirani wenye mali, watu watakaomwalika nao kwao kesho. Angewatafuta wasioona, wasioweza kutembea, wasio na chochote cha kurudisha. Hebu fikirini: mgeni anayesema hivyo mezani kwa mtu! Sisi tungemwona hana adabu.

Sasa tuzitazame karamu zetu za wahitimu. Tunakodi ukumbi wa hoteli, tunashona sare, tunapanga meza kuu, tunachangishana mpaka kwa vitisho. Halafu nani anakula? Sisi kwa sisi! Meneja anampa mkurugenzi kadi yake, mkurugenzi anamkumbusha mbunge kwamba walilala bweni moja. Na kule shuleni mtoto anakalia tofali. Tubuni!

Mtaniambia hayo ni ya Biblia, dunia ya biashara ina taratibu zake. Haya, nitawapa mtu wa biashara. Reginald Abraham Mengi, mtoto wa Machame, alisoma shule ya sekondari ya Old Moshi. Alizaliwa katika kibanda cha udongo ambamo watu na mifugo walilala pamoja, na hakulificha hilo hata alipokuwa tajiri. Akaenda Glasgow kusomea uhasibu, akarudi nchini, akafika juu kabisa katika kampuni ya Coopers & Lybrand. Mshahara alikuwa nao, na heshima pia. Wengi wetu tungeishia hapo na kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Lakini ile miaka ya 1980 mnaikumbuka, ninyi wenye mvi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, na maduka yalikuwa na rafu tupu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Mengi akatafuta kalamu ya wino akaikosa. Kalamu tu! Kila mhasibu mjini alikuwa na shida hiyohiyo, na kila mmoja alilalamika. Yeye akaagiza vipande vya kalamu kutoka nje, akaanza kuviunganisha nyumbani kwake. Hapo ndipo kampuni yake ya IPP ilipoota. Baadaye yakaja magazeti, na mwaka 1994 televisheni ya ITV na redio ya Radio One, lakini msikimbilie huko. Kaeni kwanza na huyo msomi mwenye cheti cha Uingereza akiunganisha kalamu nyumbani. Mhitimu wetu wa leo anaona aibu kufungua genge, eti ana digrii! Nani aliyekudanganya kwamba shahada inakukataza kuchafua mikono?

Na karamu yake je? Kila mwaka aliwaalika watu wenye ulemavu, mamia kwa mamia, wakala pamoja naye Dar es Salaam. Walikuja kwa viti vya magurudumu, kwa magongo, wengine wakishikwa mkono, wakahudumiwa kama wageni wa heshima. Watoto wenye maradhi ya moyo aliwagharamia matibabu India. Wapo waliosema kamera za ITV zilikuwepo, na ITV ni yake. Zilikuwepo, ndiyo. Hoja hiyo ni nzito, na Yesu mwenyewe alituonya juu ya sadaka inayopigiwa tarumbeta. Ila nataka anayeilalamikia kamera anioneshe meza yake yeye, hata ile isiyopigwa picha.

Simtangazi kuwa mtakatifu. Alimzika mwanawe Rodney, akajua uchungu ambao fedha haiutulizi. Na yeye alipofariki Mei 2019, wosia wake ulifikishwa mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaubatilisha. Siamui nani alikuwa na haki, nyumba ya mtu si yangu. Nakuuliza wewe, baba, wewe mama mwenye kampuni: mambo ya nyumbani kwako umeyaweka sawa? Wanao wanakufahamu, au wanaifahamu namba ya dereva wako tu? Andika wosia ukiwa na akili timamu na mashahidi wa kueleweka. Kaa na wanao uwaambie kilichomo. Mtu anayelisha mji mzima hajasamehewa deni la nyumbani kwake.

Na msiniambie mtatoa mkishatajirika. Kule Kilimanjaro wakulima wa kahawa, walioungana katika chama cha ushirika cha KNCU tangu mwaka 1933, walisomesha watoto kwa mazao ya vihamba, mashamba yao ya familia. Hawakusubiri utajiri! Mama alibeba gunia kichwani, mtoto akapata ada. Jasho la namna hiyo ndilo lililokufikisha hapo ulipo, hata kama kwenu zao lilikuwa pamba au korosho au samaki.

Kamati ya karamu itakaa karibuni. Mwenyekiti atauliza waalikwe nani. Inua mkono! Mtaje mpishi wa zamani aliyestaafu bila kitu. Mtaje mwanafunzi asiyeona anayesoma sasa katika darasa lililokuwa lako, na mwenzenu aliyeacha shule kidato cha pili kwa kukosa ada, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mhitimu. Ukumbi ukiwa mdogo, wapisheni viti ninyi.