MUKULA NA MABATI YA MSIKITI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ijumaa hii tunazungumza juu ya mti. Usicheke, mti huo umeingia msikitini mwetu.

Wewe uliyezaliwa Katanga unaujua mukula. Si mkubwa kama miti ya msitu wa Maniema. Unakaa katika pori la miombo, pori lenye miti iliyoachana na nyasi chini yake, linaloenea hata Zambia, Angola na Tanzania. Kiangazi unapukutisha majani, na mgeni anadhani umekufa. Maua yake ni ya manjano. Tunda lake ni bapa, mbegu iko katikati na pembeni kuna bawa, na upepo unalichukua. Ukiukata, unatoka utomvu mwekundu kama damu. Mabibi zetu walisaga mti huo wakapata unga mwekundu wa kujipaka. Na haukai peke yake: asali, uyoga wa masika na viwavi mnavyonunua sokoni vinatoka katika pori hilohilo.

Miaka ya 2010 walikuja wanunuzi. Magogo yakapita Kasumbalesa kwenda ng'ambo, China hasa, yakatengenezwe samani nyekundu. Mwaka 2019 mataifa yaliyokutana Geneva yaliuweka mukula katika orodha ya miti isiyouzwa nje ya nchi bila kibali. Mti uliokua miaka mingi unaangushwa kwa mashini kabla chai haijapoa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akipanda mti, akala humo ndege au mnyama au mwanadamu, kwake ni sadaka. Basi pima mwenyewe: anayeukata mti asioupanda, katika pori la wenziwe, ameandikiwa nini?

Ndugu mmoja alituletea mabati ya paa hili. Tulifurahi, na mimi nilimwombea dua kwa sauti kubwa. Baadaye wanakijiji wakaja. Walisema pesa ile ni ya mukula wao, uliokatwa usiku, wao wakaachiwa visiki na njia ya kamio. Sikuwa nimeuliza pesa imetoka wapi. Kosa ni langu kabla ya kuwa la mwingine, maana imamu anayemfundisha mtoto halali na haramu alipaswa kuuliza.

Wengine wamesema, mabati yameshapigiliwa, yaache. Swala tunaswali chini yake, lakini deni ni deni.

Kamati imekubali tulipe thamani ya mabati yale. Visiki vya miombo huchipua vikiachwa bila moto, na wanakijiji wameomba majembe ya kusafisha njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi. Tumeanza na hayo.

Leo sanduku lenye kitambaa cha kijani, mlangoni, ni la kijiji kile. Litakaa hapo kila Ijumaa mpaka deni liishe.

Wassalaam.