Ijumaa ya Mtu Asiye na Nyama

Kila Jumatano ya Majivu ikikaribia, wakatekumeni ninaowafundisha hapa Kambove, Katanga, huniuliza kama finkubala, wale viwavi wa kuliwa, ni nyama. Nawajibu kwamba si nyama. Kanisa linakataza nyama ya mnyama na ya ndege. Samaki, mayai, maziwa, hata mafuta ya mnyama ya kuungia mboga, ni ruhusa, na viwavi vya porini vinahesabiwa upande huohuo. Lakini siishii hapo. Finkubala kavu ukiziloweka kwenye maji ya moto, ukazisugua mpaka mchanga uishe, kisha ukazikaanga na kitunguu, nyanya na pilipili, hakuna mtu wa Katanga atakayekiita chakula hicho toba. Sokoni bei ya kikombe cha finkubala inapita kwa mbali ile ya fungu la sombe, yaani majani ya muhogo. Anayezila Ijumaa Kuu na bukari (ugali) ya moto hajavunja sheria, ila sioni alichojinyima.

Swali gumu zaidi niliulizwa Kwaresima iliyopita na kijana krezere, mmoja wa wanaochimba madini kwa mikono. Alisema: "Mama, mimi nyama nakula Noeli na kwenye harusi. Sasa Ijumaa Kanisa linataka niache nini?"

Sheria yenyewe haina maneno mengi. Papa Paulo VI aliipanga upya tarehe 17 Februari 1966 katika hati yake Paenitemini, na Sheria za Kanisa za 1983 zikaifuata kwa sehemu kubwa. Kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, kila Ijumaa, isipokuwa maaskofu wa nchi wakiweka tendo jingine la toba au la upendo mahali pake. Kufunga, yaani mlo kamili mmoja kwa siku, ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tangu miaka 18 mpaka 59. Mgonjwa, mama mjamzito na mtu wa kazi nzito wanasamehewa mfungo.

Baba yangu alipokuwa akifanya kazi Union Minière, kampuni ya madini, kampuni hiyo iliwapa wafanyakazi posho: unga, samaki, na nyama pia. Nyama ikiwa ndani ya nyumba, Ijumaa inaonekana hata kwa mtoto. Kampuni ikataifishwa 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka kule Kolwezi, uzalishaji ukaanguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Tangu hapo, katika nyumba nyingi za mji huu, Ijumaa na Jumanne zinafanana ndani ya sufuria.

Paulo VI aliliona jambo hili. Aliandika kwamba penye utajiri Mkristo ajinyime zaidi, na penye umaskini amtolee Mungu mateso yake katika sala, huku akitafuta kwa kila njia haki kwa jamii. Sehemu ya kwanza nimeisikia mara nyingi kwenye mahubiri. Ile ya haki husahaulika, nayo ikisahaulika tunabaki kumwambia mwenye njaa kwamba tayari ameshafunga. Hilo silikubali. Njaa anayoletewa mtu na wengine si mfungo. Kufunga kunataka mkono unaoweza kuchukua chakula, nao ukakiacha kwa hiari.

Kwa hiyo nilimwambia kijana kwamba mfungo haumbani, maana kushuka shimoni na tumbo tupu ni kuhatarisha roho yake na za wenzake. Nyama Ijumaa asile, hata kama hanayo. Lakini achague kitu kilicho chake kweli: bia ya Simba anayokunywa jioni akishalipwa, aiache, na pesa yake aiweke kwa ajili ya mjane wa jumuiya yake.

Alikubali. Halafu akauliza kuhusu mnunuzi wa madini anayekula samaki Ijumaa, na Jumamosi mizani yake inakula kilo za mchimbaji. Huyo amefunga?

Isaya, sura ya 58, anajibu bila kuzunguka: Mungu anaukataa mfungo wa watu wanaofunga huku wakiwatesa wafanyakazi wao. Nilimsomea sura yote, akaniomba nirudie. Naamini yule mnunuzi anafungwa na sheria hii kuliko kijana, kwa sababu yeye ndiye mwenye cha kuacha, na cha kwanza ni kile anachokiiba. Samaki wake wa Ijumaa hampunguzii deni hilo hata kidogo.

Mwaka huu nimebadili mpangilio wa mafundisho yangu. Isaya anatangulia; miaka 14, miaka 18 na habari za finkubala vinafuata. Wanunuzi nao wana watoto katika katekesi, na wazazi nimewaalika wote.