Nani Anaweza Kungoja?

Mvua ndefu ikishuka Gakindu, kwenye migongo ya Mukurwe-ini, haimuulizi mtu kama amejiandaa. Wakikuyu huiita mvua ya njahi, zile fiwi nyeusi zenye mstari mweupe ambazo mama aliyejifungua hupikiwa ili arudishe nguvu. Wafikirie mume na mke wa huko waliovuka miaka hamsini. Kati ya Machi na Mei wana mahindi na maharagwe ya kupanda na kupalilia, na kahawa ya kupigia dawa kabla ugonjwa wa chulebuni haujashika matunda machanga. Aprili shule zinafungwa, wajukuu wanashuka kutoka Nairobi, na sherehe zote zilizokuwa zinasubiri likizo zinafika nao: ruracio ya binti, yaani mazungumzo ya mahari, ubatizo wa kitukuu wa shangazi, na itega, sherehe ya zawadi, ya mkaza mwana. Juu ya hayo kuna harambee, na safari hii itafanyika uani kwao, kwa sababu kijana wa jirani ameitwa chuo na karo haipo. Basi ni hema, viti vya kukodi, mukimo, mbuzi, na simu inayolia ujumbe wa M-Pesa hadi usiku.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, aliona kwamba maisha si mafupi kama tunavyolalamika. Sisi ndio tunaoyamwaga, na waliozama katika shughuli wanamwaga kuliko wote. Angewahurumia wawili hawa. Sidhani kama angewaelewa. Alikuwa tajiri mwenye watumwa na mashamba, na ni rahisi kusifu utulivu wakati magugu yako yanang'olewa na mikono ya wengine.

Tena hesabu yake inaanzia mahali pabaya. Anauliza mtu ana shughuli ngapi, ilhali swali zito ni jingine: katika hizo shughuli, ni ipi inayoweza kungoja? Mbegu haiwezi. Ukichelewa wiki mbili, mvua itakatika mahindi yakiwa hayajabeba, na hakuna wa kumwomba radhi. Ubatizo, kwa kweli, unaweza. Tarehe yake imepangwa na watu na wangeweza kupanga nyingine. Harambee nayo inaweza, kwa kiasi. Kuna haraka ya mbinguni, basi, na kuna haraka ya kutungwa.

Hapo ndipo wengi wetu tungetaka kuidharau ile ya kutungwa. Nadhani tungekosea. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza jinsi nyumba ya Kikuyu ilivyopaswa kujengwa na kuhamiwa siku hiyohiyo, isije ikalala tupu na pepo wabaya wakaiingilia. Ukilitazama jambo hilo kwa jicho la fundi, halina maana: ukuta wa mbao hauharibiki kwa kulala usiku mmoja. Lakini mtu mmoja na mkewe hawawezi kumaliza nyumba kwa siku. Sharti la siku moja ndilo lililowalazimisha kuita majirani, na ndilo lililowanyima majirani nafasi ya kusema watakuja kesho. Ngwatio, ile desturi ya kulimiana kwa zamu, ilisimama juu ya msingi huohuo. Hata karo ya kijana yule ingeweza kuchangwa kidogo kidogo mwaka mzima. Ila kila Mkenya anajua kwamba mchango usio na tarehe hautoki mfukoni. Watu walijitungia mambo yasiyongoja ili wapate kushikana.

Ikiwa ni hivyo, msimu uliojaa haumaanishi kwamba maisha yamemwagika. Unamaanisha kwamba wengi wana haki juu yako, na mtu asiyedaiwa na yeyote si huru, amesahauliwa tu.

Lakini mambo yakishakuwa mengi yasiyongoja, lazima kitu kingoje, na Gakindu, kama kwingineko, kinachongoja ni wao wawili. "Tutaongea jioni," mume anasema akishika njia kwenda kwenye kamati. Jioni wanazungumza, naam, juu ya bei ya hema. Mgeni hasubirishwi, maana ataondoka. Mbegu haisubirishwi, maana mvua itakatika. Mwenzi husubirishwa kwa sababu ndiye pekee anayedhaniwa kuwapo kesho. Sioni hapo dharau. Naona imani kubwa kuliko zote, ile ya kumwacha mtu bila kuaga. Ila ni imani inayokopwa bila mwenye nayo kuulizwa, na haikopwi sawasawa. Siku ya harambee jina linalosomwa kwa kipaza sauti ni la mzee. Chapati alizopika mkewe hazisomwi.

Utaniambia wako pamoja kutwa: mmoja anachimba mashimo, mwingine anadondosha mbegu. Ni kweli, na siku nyingi hilo linatosha. Ndoa kadhaa ninazozijua zimesimama kwa jembe kuliko kwa maneno. Hata hivyo kuna mambo yasiyosemeka mgongo ukiwa umeinama. Wamekaa na wazee wa upande wa pili, wamekubaliana mbuzi na blanketi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake nyumba itakuwaje binti akishaondoka. Swali hilo halina mvua wala mweka hazina. Halina kamati. Linaweza kungoja, kwa hiyo linangoja, mwaka huu na ujao, hadi mmoja wao asiwepo wa kuulizwa.

Waliotunga sharti la nyumba ya siku moja wangejua la kufanya hapa: wangelibuni pepo. Wangesema mume na mke wasipokaa peke yao kabla ya palizi ya pili, kahawa itaambukizwa. Sisi tumesoma, hatuamini hayo, na hatujaweka kingine mahali pake. Palizi ya pili ikiisha huwa kuna siku chache tulivu kabla mavuno ya mwanzo ya kahawa hayajaanza, na nina hakika kamati ya arusi fulani imekwisha kuziona.