Je, Nguo ya Kazini ni Gharama ya Kazi?

Mtu ajitegemeaye katika kazi huondoa gharama za kazi katika mapato yake, kisha hulipa kodi kwa kilichobaki. Je, aweza kuondoa na bei ya nguo alizovaa kazini?

Swali hili lilikatwa nchini Uingereza mwaka 1983. Wakili Ann Mallalieu alinunua nguo nyeusi kwa sababu ya kanuni za mahakama, naye alikuwa na nguo nyingine za kumtosha. Mahakama mbili zilimkubalia. Lakini Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, likamkatalia. Sheria yataka gharama iwe kwa ajili ya kazi tu. Nguo zile zilimsitiri pia na kumpa joto, na hiyo ni haja ya kila mwanadamu, ijapokuwa yeye aliwazia kazi peke yake.

Yafaa tuzingatie hapa. Bibi huyo hakusema uwongo, lakini ushahidi wa mtu juu ya nia yake mwenyewe haukutosha.

Basi, simu yako je? Sheria ya huko yaruhusu kuhesabu sehemu ya kazi iwezapo kutengwa. Lakini ni nani ajuaye simu ngapi ulimpigia mteja, na ngapi ulimpigia mkeo? Mizani i mkononi mwako, ewe msomaji. Ukizidisha sehemu ya kazi, unachopunguza hubebwa na jirani yako aliyehesabu kwa haki.